Ofisini kila kitu wanabeza, na mimi naona nimeanza kufanana nao

Wiki hii barua tatu zimeingia karibu kwa pamoja na zote zinazunguka jambo moja, wale wenzetu kazini ambao kila kitu kwao ni "yale yale", ukileta wazo wanaguna, ukijituma wanakucheka. Nimeona nizijibu kwa mkupuo. Majina nimeyatoa, na barua ya kwanza nimeipunguza maana dada aliandika kurasa sita jamani, na mbili kati ya hizo ni za ubuyu.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 26, msaidizi wa kumbukumbu kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, nina miezi nane tangu niripoti. Baada ya chuo nilisota mtaani miaka mitatu, nimeuza mpaka ubuyu, kwa hiyo siku nimeona jina langu kwenye ile orodha ya kuitwa kazini ya Ajira Portal nililia kama nimefiwa. Nilikuja na moto Anti.

Sasa masjala tuko wanne na mimi ndo mdogo. Hawa wenzangu sio watu wabaya, nikiumwa wananipigia, bibi yangu alipofariki walichanga. Ila midomo yao! Likija tangazo la mafunzo wanasema hayo ya wenye nchi. Ukija mfumo mpya wanasema tumeona mingi, na huu utapita. Mkurugenzi akija kutusalimia akitoka tu mlangoni wanamuigiza anavyotembea. Mwezi wa pili nilisema jamani tuyapange upya haya majalada tuyawekee lebo, maana mtu anakuja kufuatilia barua yake ya kupanda daraja tunaitafuta siku mbili, dada mmoja akaweka chapati yake chini akasema "karibu Mheshimiwa Waziri", wakacheka mpaka chai ikamwagikia jalada la mtu. Tangu siku hiyo naitwa Waziri. Kwenye grupu la ofisi nikiandika kitu kuna kaka ananijibu kwa stika ya mzee aliyesinzia.

Ila kilichonifanya nikuandikie ni cha juzi. Kuna mwanafunzi wa field kaja, mtoto mchangamfu, akaniuliza dada hizi barua ambazo hazina namba ya folio huwa tunazifanyaje, na mimi bila hata kumwangalia nikamjibu "we ziache tu hapo, utazoea". Anti ile sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule dada wa chapati, mpaka kile kicheko chake cha puani nilikitoa. Nifanyeje, niombe uhamisho? – Waziri wa Masjala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera ya kazi, maana kwa ninavyoona hapo ofisini hakuna aliyekupa.

Uhamisho sahau kwa sasa. Miezi nane hata mwaka wa majaribio hujamaliza, hujathibitishwa, ukianza kuandika barua za kuhama saa hizi utaonekana wewe ndo mwenye shida, na hata ukipata, huko uendako kuna dada mwingine wa chapati amekaa anakusubiri. Kila ofisi ina wake. Wengine wanaitwa wazee wa "tutaona".

Ngoja nikupe kisa changu maana nimekaa chumba cha mafaili cha hospitali moja ya serikali miaka 22, kwa hiyo harufu ya hiyo masjala yako naijua, vumbi na mafuta ya chapati. Niliingia 1996. Nikamkuta mzee mmoja ambaye kazi yake, nilivyoona mimi wakati huo, ilikuwa kukaa karibu na dirisha na kubeza. Matroni akileta utaratibu mpya mzee anaitikia "ndiyo matroni" kwa heshima zote afu akigeuka anatuambia mpeni wiki tatu. Na kinachouma ni kwamba mara nyingi zilikuwa kweli wiki tatu! Mimi nilimchukia yule mzee, nakwambia ukweli, nilikuwa nikimuona anavua kofia asubuhi naona siku imeshaharibika.

Siku moja tulitafuta faili la mgonjwa kuanzia saa mbili mpaka saa sita, mgonjwa kakaa kwenye benchi na mwanae, mwishowe daktari akamfungulia faili jipya akaanza upya kumuuliza historia yote. Nikasema kwa hasira, hivi kweli hapa hamna njia nyingine ya kupanga haya mafaili? Mzee akacheka kile kicheko chake. Sasa sijui nini kilinipata, badala ya kununa kama siku zote nikamuuliza, "Mzee, mlishawahi kujaribu? Ikakwamia wapi?"

Akanyamaza. Afu akainuka, akaenda kwenye kabati lake, akatoa kauntabuku limejaladiwa kwa karatasi ya kaki, kona zimeisha, ndani kachora shelfu zote za kile chumba kwa rula. Pembeni kabandika vijilebo vya rangi, alivikata kwenye bahasha za eksirei akavipaka mwenyewe. Kumbe huyu mtu miaka mingi nyuma alijifunza kupanga mafaili kwa kuanzia namba za mwisho. Yaani faili namba 04-57-32 sisi tulikuwa tunaisoma kutoka kushoto, yeye anaisoma kutoka kulia, 32 ndo shelfu, 57 ndo kundi ndani ya shelfu, 04 ndo nafasi yake humo. Unaona ni jambo dogo, ila faida yake ni kwamba ukipanga kwa kufuata namba moja kwa moja, mafaili mapya yote ambayo ndo yanatafutwa kila siku yanarundikana shelfu ya mwisho, mnabanana watu watano kona moja kama kwenye daladala huku upande mwingine hauna mtu. Ukipanga kwa namba za mwisho yanatawanyika chumba kizima, kutoka 00 mpaka 99, na ukiweka rangi faili lililokosewa linajionyesha lenyewe maana linakuwa la kijani katikati ya mekundu.

Kile kitabu alikipeleka kwa bosi wa wakati huo. Bosi akakipenda, akakibeba kwenda nacho semina kama chake, na posho akala yeye, mzee hata asante hakupewa. Akavumilia, akaanza kupanga, kafika nusu ya chumba bosi akahamishwa, akaja mwingine akauliza nani kaharibu utaratibu, akaamuru mafaili yarudishwe kama zamani. Na ilikuwa ndo miaka ile ya tisini watumishi wanapunguzwa kwa maelfu, kila mtu anaogopa jina lake kuonekana kwenye karatasi yoyote. Akaweka kauntabuku kabatini, akahamia dirishani.

Wazee wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanangu wengi wa hao wanaobeza sio kwamba walizaliwa hivyo, ukichimba unakuta ndo waliokuwa na moto kuliko wewe. Kwa hiyo mimi nikajifunza kuchukua taarifa zao nikaacha hukumu zao. Yule mzee akisema "haitafanya kazi", hiyo ni hukumu, siihitaji. Ila akisema ilikwama kwa sababu bosi mpya hakuambiwa, hiyo ni dhahabu, hakuna semina itakayokupa hiyo.

Na usidanganyike kwamba wanachobeza chote ni uongo. Chukua hili la mishahara. Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, watu wakaruka mpaka wakadondosha kofia, mshahara wa Julai ulipoingia wengi ambao sio wa kima cha chini wakakuta kaongezeko ambako hakafiki hata nauli ya wiki, kwa sababu ile asilimia ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Sasa mtu aliyepigwa na lile, Mei Mosi 2025 kule Singida ilipotangazwa kwamba kima cha chini kinaenda 500,000 ulitegemea aruke? Alikaa na chai yake akasema tusubiri Julai, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Au zile fomu za OPRAS za kupima utendaji wa watumishi, zilizoanza 2004, nani asiyejua watu walikuwa wananakili za mwaka jana wanabadilisha tarehe? Mtu aliyejaza fomu miaka yote hiyo na hajawahi kuona hata mmoja kapandishwa kwa sababu ya fomu, ukimwambia leo PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta uliokuja badala yake, ndo mkombozi atakuangalia tu.

Shida inaanza pale mtu anapochukua lile la mishahara analipaka kwenye kila kitu. Mshahara wangu haukupanda, KWA HIYO jalada la mwalimu anayefuatilia daraja lake nalo likae chini ya kikombe. Hapo sasa hapana. Yule mwalimu naye mshahara wake haukupanda, na barua yake umeikalia wewe.

Haya, sasa ufanye nini kesho asubuhi. Lile jina la Waziri lipokee. Akikuita Waziri itika "naam mwananchi", endelea na kazi, jina la utani likikosa mtu wa kununa linachuja lenyewe. Kwenye grupu usilete mawazo kabisa, grupu ni la misiba na birthday. Na kosa ulilofanya, nakwambia kwa upendo, ulisema "tuyapange" wakati wa chai mbele ya watu waliokaa hapo miaka kumi, umesema kitu kizuri ila wao wamesikia "mmekuwa mkifanya ujinga". Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wewe ndo kipya hapo, wanasubiri waone kama ni kidonda.

Chukua shelfu moja. Moja tu, ile ya karibu na meza yako, usiombe ruhusa ya chumba kizima wala usitangaze. Mimi na mzee tulianza na mafaili ya kliniki ya kisukari kwa sababu wale wagonjwa wanarudi siku ile ile kila mara, unajua kabisa Jumanne nani anakuja. Tukayapanga kwa kauntabuku lake, na siku nimeandika dokezo kwenda kwa bosi nikaandika wazi kabisa kwamba mpango huu umebuniwa na fulani, majina yake yote matatu. Mzee alisoma lile dokezo mara mbili, akavua miwani, akasema "wataliweka chini ya kikombe". Halikuwekwa. Tulijua imefanya kazi siku manesi wa kliniki walipoacha kuja kutupigia kelele dirishani.

Usije ukafikiri alibadilika. Alibeza mpaka siku ya kustaafu, hata kwenye sherehe yake alisema hilo beseni mlilonipa lina tundu. Ila alikuwa anabeza huku anapanga.

Ndo kipimo changu mpaka leo, angalia mikono yake usiangalie mdomo. Kama dada wa chapati anabeza ila majalada yake yanapatikana, huyo ni mwalimu wako, mkalie karibu, muulize ilikwamia wapi. Kama anabeza ili asionekane hafanyi kitu, huyo mpe salamu asubuhi na jioni, chai kanywe kwenye saa tofauti. Na yule wa stika, mwache na stika zake, huyo hata si wa kubeza, huyo ana bando tu.

La mwanafunzi wa field lisipite leo. Mrudie, mwambie juzi nilikujibu vibaya, afu mwonyeshe kila barua inayoingia kwenye jalada inapewa namba yake ya folio kona ya juu kulia, kwa mfuatano, mpaka ajue mwenyewe kugundua kwamba kuna folio ya 14 na ya 16 na ya 15 haipo. Kukaa nusu saa na mtu ambaye bado anauliza kutakusaidia wewe kuliko yeye.

SWALI: Habari Anti. Nina karakana Arusha, tunarefusha Land Cruiser za watalii na kuziwekea paa la kufunguka, vijana 11. Fundi wangu mkuu ni mkali sana kwenye kazi, hana mpinzani, ila kwenye kikao cha Jumatatu ananiulia watu. Nikieleza malengo anasema "leo tena hadithi". Nikisema tutanunua mashine mpya anauliza ya mwaka gani, wote wanacheka. Vijana wapya wakikaa naye mwezi tu wanaanza kuongea kama yeye. Nimekuwa nikiwaza nimuondoe mapema kabla hajaharibu wote. Biashara sio mbaya ila msimu ndo hivyo, ovataimu ya Juni na Julai bado sijawalipa lakini hilo wanalielewa. – Bosi, Arusha

JIBU: Salama bosi. Hiyo sentensi yako ya mwisho ungeiweka ya kwanza tungeokoa wino.

Wanalielewa nani kakwambia? Umewauliza au walinyamaza? Watu wamechomelea mpaka usiku msimu wa watalii, miezi miwili hawajaona hela, afu Jumatatu unasimama kuwaeleza malengo, na mmoja tu mwenye ujasiri anasema hadithi. Huyo fundi wala hawaharibu wenzake, anawasemea. Wale kumi wanacheka kwa sababu kasema kilicho moyoni mwao, na siku ukimuondoa watanyamaza kimya kabisa na wewe utadhani umeshinda, mpaka uone vifaa vinaanza kupungua stoo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na msimu hauko humo. Na kumwachisha mtu kwa sababu ana mdomo sio rahisi unavyofikiria, inatakiwa sababu halali na utaratibu wa haki, asikilizwe, vinginevyo ana siku 30 za kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika na huko sasa wewe ndo utakuwa unaeleza ile ovataimu.

Lipa kwanza. Kama huna zote lipa nusu na uwaonyeshe tarehe ya nusu nyingine, afu tarehe hiyo ifike ulipe kweli. Ukishamaliza, kabla ya kikao kijacho, mfuate peke yake pale kwenye gari, sio ofisini kwako, chasisi ikiwa wazi, umuulize hiki ninachotaka kusema Jumatatu kitavunjikia wapi. Mtu aliyezoea kujua welding gani itapasuka kwenye barabara ya Serengeti na ipi itadumu, anajua na mpango gani utapasuka. Muulize mapema akiwa peke yake maana akiulizwa mbele ya watu lazima achekeshe. Na akikwambia kitu cha maana kibadilishe kwenye mpango, Jumatatu useme fulani kaniambia hapa tulikosea.

Kama umelipa, umemsikiliza, na bado ananyanyasa wale vijana wapya, niandikie tena, hapo tutaongea lugha nyingine.

SWALI: Anti, mimi sina swali sana, nimesoma ulivyowahi kuandika kuhusu wakatisha tamaa kazini nikajiona. Mimi ndo yule. Ni mwalimu, nilianza 1992, bado kidogo nistaafu. Tuliajiriwa tukijua ukistaafu unachukua nusu ya mafao yako kwa mkupuo, nilishapiga mahesabu ya nyumba na ng'ombe wawili. 2018 kikaja kikokotoo kipya cha mafao, badala ya nusu ikawa asilimia 25, ikasitishwa, 2022 ikaja 33, 2024 ikapanda 40, yaani maisha yangu ya uzeeni yamekuwa kama bei ya nyanya. Kaja kijana mwalimu mpya shuleni kwetu, kabandika chati nzuri za manila darasa zima, nikampita nikamwambia "zitaliwa na mchwa hizo". Alitabasamu ila niliona. Usiku sikulala vizuri. – Mwalimu wa zamani

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwenye hili la kikokotoo sina cha kukurekebisha, ulihesabu vizuri, namba ndo zilikuwa zinatembea. Lipeleke kwenye kikao cha chama chenu kwa tarehe na asilimia kama ulivyoniandikia mimi, maana umeliandika kwa mistari mitatu vizuri kuliko hotuba nyingi. Ila yule kijana hakuwa kwenye hicho kikokotoo, 1992 pengine hata wazazi wake walikuwa hawajajuana.

Na kuhusu mchwa, mwalimu, mbona ulikuwa unasema kweli? Karatasi za manila ukutani kwa shule zetu hazimalizi hata muhula. Wewe unajua chati zinachorwa kwenye mifuko ya salfeti, kwa maka peni, afu unashona kipande cha mti juu unaning'iniza, haigusi ukuta na mchwa hawaitaki. Najua unazo za zamani mahali, hakuna mwalimu wa umri wako asiyekuwa na mfuko wa salfeti wenye mfumo wa mmeng'enyo wa chakula umekunjwa juu ya kabati. Jumatatu mpelekee mmoja, na maka peni ubebe.